Kulinda zana na mashine za karakana zisiibiwe: mwongozo kamili, kuanzia kufuli hadi daftari

Kabla hujanunua kufuli jipya, simama katikati ya karakana yako jioni kazi ikiisha, uitazame kwa jicho la mtu aliyekuja kuiba. Mezani kuna grenda ya betri, na betri imejaa. Pembeni kuna mtaimbo, nyundo kubwa, msumeno wa chuma, ngazi, pengine na mitungi ya gesi ikiwa na kichwa chake cha kukatia. Mwizi hana haja ya kuja na kitu. Akipata upenyo wa kupitisha mwili tu, vifaa vya kuvunjia milango yote iliyobaki anavikuta ndani, na toroli la kubebea pia lipo.

Kwa hiyo usidanganyike na maneno ya dukani kuhusu kufuli lisilokatika. Grenda yenye diski nzuri hukata karibu kila kufuli. Unachoweza kukifanya ni kumwongezea mwizi dakika na kelele kabla hajafika kwenye kitu cha maana, kisha kuhakikisha kwamba hata akikifikia, atapata taabu kukiuza. Kila hatua iliyo hapa chini inalenga moja ya hayo mawili. Usipoweza kuzifanya zote, anza na ya 2, ya 3 na ya 6, maana hizo zinarudisha faida kubwa kuliko gharama yake.

Hatua ya 1: Zipange zana zako kama mwizi anavyozipanga

Chukua karatasi uorodheshe vitu vyako, lakini usivipange kwa bei uliyonunulia. Mwizi anaangalia uzito na soko.

Vya kwanza kuondoka ni vile vinavyobebeka kwa mkono mmoja na kuuzika asubuhi yake: grenda, drili ya betri, msumeno wa umeme wa mkono, mashine ndogo ya kuchomelea ya inveta, seti ya spana ikiwa ndani ya sanduku lake, jeki, kipimo cha umeme.

Baada ya hapo zinakuja mashine za kubebwa na watu wawili: jenereta, kompresa, mota, drili ya kusimama. Hizi zinataka gari au mkokoteni, na anayezifuata kwa kawaida anajua zilipo. Huenda aliwahi kuingia mchana akajifanya anaulizia bei ya geti.

Kundi ambalo mafundi wengi hulisahau ni shaba na vyuma chakavu. Waya uliotolewa kwenye mota zilizoungua, kebo za mashine ya kuchomelea, betri kuukuu za gari: wewe unaviona mabaki ya kuuza siku moja, mwenzako anaona fedha ya leo. Kebo nene ikikatwa kwa ajili ya shaba yake, kesho kazi imesimama sawasawa na kama mashine nzima ingekuwa imebebwa.

Mashine nzito kabisa, kama ya kukereza, hazitoki kirahisi usiku mmoja. Viungo vyake ndivyo vinavyotoka: chaki (kile kichwa kinachoshika kazi inayokerezwa), mota, visu, sanduku la swichi. Viandike navyo.

Hatua ya 2: Daftari, picha na namba

Hii haigharimu chochote zaidi ya jioni mbili tatu, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Siku ya wizi fundi anaulizwa, "Grenda yako ikoje?" naye anajibu, "Ya kijani." Za kijani ziko maelfu. Polisi wakiikamata na wewe huna namba, hakuna wa kukukabidhi.

Kwa kila kifaa andika:

- jina la kifaa, mtengenezaji na modeli;
- namba ya mashine kama ilivyo kwenye kibandiko au kibati chake, herufi kwa herufi;
- tarehe uliyokinunua na aliyekuuzia, pamoja na picha ya risiti;
- alama zake za pekee: mpini uliofungwa waya, kifuniko kilichoyeyuka kona, swichi iliyobadilishwa.

Kisha piga picha tatu: moja ya kifaa kizima, moja ya kibati cha namba kwa karibu hadi isomeke, na moja ya kasoro yake. Kibati kikiwa kimejaa grisi, kifute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, umulike tochi kutoka ubavuni. Mwanga wa ubavuni huzitoa namba zilizogongwa, ilhali ule wa moja kwa moja unazifuta. Namba za vibandiko vya karatasi hufutika kwa jasho na vumbi, kwa hiyo ziandike ungali unaziona.

Daftari lisikae karakana, kwa sababu litaondoka pamoja na sanduku la zana. Liweke nyumbani, na picha zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe ili simu ikiibiwa nazo zisipotee.

Hatua ya 3: Piga chapa mahali pawili

Chapa inamharibia mwizi soko. Mnunuzi wa bidhaa iliyotumika akiona jina la karakana limechimbwa kwenye mwili wa mashine, ama anakataa ama anapunguza bei sana, na yote mawili ni hasara kwa mwizi.

Chagua alama fupi isiyobadilika, kwa mfano herufi tatu za jina la karakana na tarakimu nne unazozikumbuka. Namba ya simu ni nzuri kwa sababu anayeokota anaweza kukupigia, ila watu hubadilisha laini. Ukiitumia, iongezee zile herufi.

Kwenye chuma tumia seti ya herufi za kugonga kwa nyundo. Za milimita 4 hadi 6 zinatosha. Weka kifaa juu ya fuawe au chuma kizito, simamisha herufi wima, gonga mara moja kwa uthabiti. Ukigonga mara mbili mbili herufi inapata kivuli na haisomeki. Kwenye plastiki, ncha ya moto ya pasi ya kulehemu waya inaandika vizuri, alimradi betri na waya vimetolewa na unafanya hivyo penye hewa, maana ule moshi ni mbaya. Kwa vitu vidogo kuna kalamu ya umeme ya kuchonga.

Chapa ya kwanza iwe ya wazi kabisa, mtu aione kabla hajakishika kifaa. Ya pili ifiche: ndani ya kifuniko cha brashi za kaboni, chini ya mpini wa pembeni, upande wa ndani wa kinga ya diski. Mwizi atasaga ile ya nje na kuondoka akiridhika. Ya ndani unaijua wewe peke yako, na ndiyo utakayomwonyesha polisi.

Kuna sehemu zisizogongwa kamwe. Ndoano na minyororo ya kunyanyulia mizigo, kwa kuwa alama iliyochimbwa inaweza kuwa chanzo cha ufa. Uso wa nyundo na patasi zilizotiwa ugumu, ambazo zinaweza kuruka kipande kikakuingia jichoni. Mitungi ya gesi, kabisa. Kwa hivyo vyote tumia rangi.

Rangi yenyewe isidharauliwe. Mafundi wengine huona aibu kupaka mistari ya waridi au machungwa iliyokolea kwenye drili mpya. Mimi naona drili mbaya iliyopo ni bora kuliko nzuri iliyokwenda. Rangi ya kelele inaonekana kutoka mbali mtu anapotoka nayo mlangoni, na kuisafisha yote kwenye mikunjo ya plastiki ni kazi.

Hatua ya 4: Mlango

Watu hutumia fedha nyingi kwenye kufuli na kusahau kile linachoning'inia. Kufuli zito lililofungwa kwenye tumbuu ya bati jembamba iliyoshikwa na skrubu nne halina maana, kwa kuwa mtaimbo unaing'oa tumbuu na kufuli linabaki zima chini. Kwa hiyo anza na tumbuu na bamba lake. Kwenye mlango wa chuma, chomelea pande zote. Kwenye mlango wa mbao, pitisha bolti hadi upande wa pili, weka bamba la chuma nyuma lenye upana wa kiganja, kaza nati, kisha gonga ncha ya bolti ilale ili nati isifunguke.

Kufuli lenyewe lipime kwa shingo yake, ule upinde wa chuma. Shingo fupi na nene ni bora kuliko ndefu. Nafasi inayobaki kati ya shingo na mwili wa kufuli ndiyo anayoitumia mwizi kuingiza mtaimbo au taya za mkasi wa kukatia vyuma. Shingo ya milimita 10 kwenda juu, ya chuma kilichotiwa ugumu, inafaa. Ukitaka kujua kama kweli imetiwa ugumu, pitisha tupa kwenye ukingo wake mara tano sita. Chuma laini kitachimbika na utaona unga. Kigumu kitaifanya tupa iteleze ikilia. Mpito mmoja hautoshi, kwa sababu rangi ya kromu ya juu nayo ni ngumu na inaweza kukudanganya. Ukikuta kufuli limeandikwa EN 12320, hicho ni kipimo cha Ulaya chenye madaraja 1 hadi 6, na 6 ndilo gumu kuliko yote.

Fundi wa kuchomelea ana bahati moja: anaweza kujitengenezea kinga ambayo mwingine angeinunua. Kata pleti ya milimita 5, tengeneza kisanduku kinacholizunguka kufuli juu, mbele na pembeni, kikiwa wazi chini tu. Pima kufuli likiwa limefunguliwa na shingo imechomoka, kwa sababu wengi hupima likiwa limefungwa, kisha wanashindwa kulitoa. Acha nafasi ya vidole viwili na ufunguo, basi. Diski ya grenda haipati pembe ya kuingilia, mkasi hauna pa kufungua taya, na mvua haifiki ndani. Tundu la ufunguo lipulizie unga wa grafaiti mara kwa mara. Grisi inashika vumbi la kusagia na kulikwamisha kufuli siku una haraka.

Sasa nenda upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba. Zikiwa nje, mwizi anagonga pini zitoke au anazikata, na mlango unafunguka kwa upande ambao hukuufunga. Dawa yake ni rahisi. Kwenye ukingo wa mlango, upande wa bawaba, chomelea vipande viwili vya nondo ya milimita 12 vitokeze kama sentimita 2, kimoja juu kimoja chini. Toboa fremu mkabala navyo. Mlango ukifungwa, vipande vinazama ndani ya fremu, na hata bawaba zikiondolewa zote mlango haung'oki.

Milango ya kuviringisha juu ifungwe chini pande zote mbili. Kufuli moja la katikati linaacha kona zikunjwe.

Na kanuni moja isiyo na mjadala: watu wakiwa ndani wanafanya kazi, mlango wa kutokea ufunguke bila ufunguo. Moto ukiwaka hakuna wa kutafuta funguo.

Hatua ya 5: Dirisha, ukuta na paa

Nondo za dirisha ziachane si zaidi ya sentimita 12, na ziwe na za kulala kila baada ya nusu mita. Nondo ndefu zisizo na za kulala hupanuliwa kwa jeki ya gari kimyakimya, bila cheche. Ncha zizame ndani ya ukuta. Fremu iliyoshikwa na misumari juu ya plasta inatoka nzima.

Paa la mabati ndiyo njia inayosahaulika. Misumari inang'olewa au skrubu zinafunguliwa kutoka nje, mtu anashuka kwa kamba, na asubuhi mlango unaukuta umefungwa vizuri. Kama huwezi kuweka wavu wa chuma chini ya mbao za paa lote, usihangaike nalo. Nenda hatua inayofuata, ambayo kwa maoni yangu ni matumizi bora ya chuma kuliko kuzungushia jengo zima. Ukuta wa mabati ni hivyohivyo.

Nje, ondoa vya kupandia: mapipa, rundo la matofali, ngazi, gari bovu lililosimama chini ya ukingo wa paa.

Hatua ya 6: Kizimba ndani ya karakana

Kizimba ni chumba kidogo cha chuma ndani ya karakana, na ndimo zana zote za kundi la kwanza zinapolala. Mwizi aliyeshinda mlango, dirisha au paa anadhani amemaliza, kumbe anakuta kazi ya kuanza upya, na safari hii hana grenda ya kuokota.

Chagua kona yenye kuta mbili imara, ili ujenge pande mbili tu. Mita 2 kwa 2 zinatosha karakana ndogo. Fremu iwe ya engo, yaani chuma chenye umbo la L, ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 4. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa bega ziba kwa pleti, ili aliye nje asione kilichomo. Juu yake weka wavu mzito wa chuma, au nondo za milimita 10 zilizochomelewa mraba mdogo usiopitisha mkono. Usizibe chote: humo kuna mota zenye joto na vumbi, panahitaji hewa. Kizimba kiwe na paa lake. Nimeona vizimba vizuri visivyo na kifuniko, mtu anaruka kama anavuka uzio wa kuku.

Fremu ikaze kwenye sakafu na kwenye kuta kwa bolti za kuzamisha, na vichwa vya bolti vyote viwe upande wa ndani. Mlango wake upate ufunguo tofauti na wa mlango mkubwa.

Cha kuingiza humo kila jioni, kwanza kabisa, ni vifaa vya kuvunjia: grenda zote, diski, mitaimbo, nyundo kubwa, misumeno ya chuma, mikasi ya kukatia vyuma. Halafu zana za betri pamoja na betri na chaja, maana drili bila chaja yake inauzika kwa shida. Usiache betri za lithiamu zikichajiwa usiku humo bila mtu. Mitungi ya gesi haiingii kabisa. Hiyo ibaki wima, imefungwa mnyororo, mahali penye hewa. Kinachoingia kizimbani ni kichwa cha kukatia na rigyuleta zake, vile vidhibiti vya presha ya gesi. Mtungi usio na hivyo haumsaidii mwizi kukata kitu.

Ukitoka, zima swichi kuu na uitie kufuli. Grenda ya waya iliyosahaulika nje haitawaka, na hatari ya moto wa usiku inapungua pia. Ila king'ora na kamera ziwe na laini yake pekee, la sivyo utazizima kwa mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 7: Kufunga mashine kubwa sakafuni

Drili ya kusimama, kompresa, jenereta na jiliwa kubwa zifungwe kwenye zege. Sakafu iwe na unene wa sentimita 10 angalau, na tundu lisikaribie ukingo, vinginevyo zege litapasuka. Kwa bolti ya kupanuka ya M12 (kipenyo cha milimita 12) isiyo na ganda la nje, tundu ni milimita 12. Kwa mashine inayotetemeka, kama kompresa, bolti ya kubandika kwa gundi ya resini inashika vizuri zaidi, na tundu lake ni milimita 14. Siri ya resini iko kwenye usafi: piga brashi ndani ya tundu, puliza vumbi, piga brashi tena, puliza tena. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya zege, na bolti utaichomoa kwa mkono.

Nati ya kawaida inafunguliwa kwa spana, na spana zipo. Zipo nati ambazo kichwa hukatika kinapokazwa, kikabaki kidude cha mviringo kisichoshikika. Usipozipata, weka doa moja la kuchomelea kati ya nati na bolti. Moja linatosha, kwa sababu siku utakapotaka kuihamisha mashine utalisaga. Hapo kuna mambo mawili ya kuangalia. Nati zilizopakwa zinki zisage hadi chuma kitupu kionekane kabla ya kuchomelea, kwa kuwa moshi wa zinki unaleta homa. Na klempu ya arthi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, iweke palepale karibu na doa. Ukiiweka upande wa pili wa mashine, umeme utapita kwenye beringi kuifuata na kuziharibu. Mashine yenye vibao vya elektroniki itolewe kwanza kwenye umeme.

Kama sakafu bado haijamwagwa, una nafasi ya dhahabu. Kunja nondo ya milimita 16 au 20 iwe umbo la U, miguu yake ikunje kwenda nje, ifunge na nondo za sakafu, na uache kichwa cha U kitokeze ndani ya kishimo kidogo ili watu wasijikwae. Hapo utapitisha mnyororo wa jenereta miaka yote.

Mnyororo usilale chini ukiwa legevu. Mwizi huegemeza mkono mmoja wa mkasi sakafuni na kuukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Ukiwa umekazwa juu, mbali na sakafu, inambidi atumie nguvu ya mikono tu. Upitishe ndani ya fremu ya mashine, usiupitishe kwenye mpini uliofungwa kwa bolti mbili.

Hatua ya 8: Mchana, mlango ukiwa wazi

Wizi wa usiku unatangazwa mtaa mzima. Wa mchana hauna kelele: spana moja leo, koleo kesho, diski tano kwenye mfuko wa suruali. Mwisho wa mwaka unaweza kuwa umepoteza zaidi kuliko kwa kuvunjiwa mlango.

Tundika zana za mkono kwenye ubao, na nyuma ya kila moja chora umbo lake kwa rangi. Nafasi tupu inaonekana kutoka mlangoni bila kuhesabu. Kisha mpe kila fundi na kila msaidizi vibati vitano vyenye jina lake. Anayechukua zana anatundika kibati chake kwenye msumari ule ule. Mfumo huu ni wa zamani sana viwandani na haujapitwa, kwa sababu unajibu swali moja tu: nani anayo sasa hivi? Mwenye karakana naye atundike kibati chake. Akijiruhusu kuchukua bila kibati, mfumo umekufa ndani ya wiki.

Robo saa ya mwisho ya kazi iwe ya kurudisha na kukagua, na ilipwe kama kazi. Ukitaka watu wafanye hivyo bure baada ya saa, hawatafanya. Zana ikikosekana, itafutwe siku hiyohiyo wakati kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Kuhusu kukata mshahara kwa zana iliyopotea, sheria za kazi za kila nchi zina masharti yake, basi kubalianeni kwa maandishi mtu anapoajiriwa, msisubiri siku ya ugomvi. Na usimtuhumu mtu mbele ya wenzake bila ushahidi. Ukikosea, utapoteza fundi mzuri pamoja na spana yako.

Wateja wabaki upande wao wa meza. Weka kaunta, hata kama ni ubao juu ya mapipa mawili, na benchi la kusubiria. Anayetaka kuangalia kazi yake ikiendelea apelekwe na mtu. Jihadhari na maulizo yasiyo na kazi nyuma yake: mnalala humu? mlinzi anakuja saa ngapi? jenereta hii mnaihamishia wapi jioni?

Funguo ziwe chache na majina ya walionazo yawe kwenye daftari. Usiandike jina la mlango kwenye ufunguo. Mtu akiacha kazi, hata kwa amani na mkono wa kwaheri, badilisha kufuli. Isiwe dalili ya kumshuku, iwe desturi kwa kila anayeondoka.

Hatua ya 9: Taa, king'ora, kamera

Taa za nje zenye sensa ziwekwe juu pasipofikika kwa mkono, zimulike mlango na kuta, zisiwachome macho majirani, kwa kuwa ndio unaowategemea waangalie.

Kwa king'ora, sensa ya sumaku kwenye mlango na dirisha ndiyo ya kuanzia: ni rahisi na haikosei ovyo. Sensa za kuhisi joto la mwili hupata shida chini ya mabati yanayopoa usiku, penye feni au paka. Vikilia bure mara nyingi, majirani wanazoea na wewe unavizima. Weka king'ora kimoja nje juu na kingine ndani. Kile cha ndani kinamfanya mwizi asisikie kama kuna mtu anakuja, na hilo linamtia hofu kuliko mwanga.

Kamera nyingi huonyesha kofia na mgongo. Iweke ya mlangoni chini ya mita 3, ielekee uso wa anayeingia. Ikiwa ndani ikitazama mlango ulio wazi mchana, utapata vivuli tu, basi igeuze pembeni. Mashine ya kurekodia ifungwe kizimbani au sehemu nyingine kabisa, iwe na betri ya akiba. Badilisha neno la siri la kiwandani. Angalia saa na tarehe yake ni sahihi, na ujue inahifadhi siku ngapi kabla ya kufuta. Kamera za bandia sizipendekezi. Wanaojua kazi yao wanazitambua, na wewe unalala usingizi usio na msingi.

Vifuatiliaji vya GPS vinafaa kwa jenereta na kompresa. Vifiche chini ya kifuniko cha plastiki, maana ndani ya sanduku la chuma mawimbi hayatoki. Vile vidogo vya Bluetooth kama AirTag hutegemea simu za wanaopita karibu, na vimeundwa kumtahadharisha mtu anayetembea na kifaa kisicho chake, kwa hiyo mwizi mwenye simu anaweza kupata taarifa. Ukiona mahali mali ilipo, nenda na polisi. Usiende mwenyewe.

Hatua ya 10: Kazi za nje ya karakana

Zana zinazokwenda saiti ziandikwe zinapotoka na zinaporudi, na mtu mmoja awe mhusika. Zisilale ndani ya gari. Bima nyingi hukataa kulipa zana zilizoachwa garini usiku, na nyingine hazilipi pasipo dalili za kuvunja. Soma masharti hayo kabla ya kutia saini, pamoja na yanayohusu aina ya kufuli. Vitu vya wateja vilivyoachwa kutengenezwa navyo ulizia kama vimo, kwa sababu mota ya mteja ikiibiwa kwako, atakayedaiwa huenda ukawa wewe.

Hatua ya 11: Ukikuta umeibiwa

Usiingie kupanga panga. Piga picha kila kitu kilivyo, zuia watu wasishike vitasa wala kukanyaga, ita polisi. Wape orodha yenye namba na picha, ukieleza kuwa kuna chapa ya siri, lakini mahali ilipo mwambie mpelelezi peke yake. Chukua namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Bima waarifu siku hiyohiyo, wengi wana muda maalumu.

Halafu sambaza picha kwa mafundi wenzako, wauzaji wa vifaa vilivyotumika na wanunuzi wa vyuma chakavu. Fuatilia matangazo ya mauzo mtandaoni kwa wiki kadhaa. Ukiona kifaa chako kinauzwa, hifadhi picha ya tangazo na upeleke polisi. Usimtishe muuzaji, atalifuta. Mtu akikupigia akitaka "zawadi" ili akurudishie mali, nalo ni la polisi.

Tundu alilopitia lizibe siku hiyohiyo kabla ya giza. Wezi hurudi palepale, kwa kuwa njia wanaijua na wanakisia utakuwa umenunua zana mpya. Maboksi yake usiyatupe nje ya mlango, yakate vipande na uyapeleke mbali. Na unapotafuta mbadala wa bei nafuu, kifaa ambacho namba yake imesagwa, hakina chaja, na muuzaji hataki kusema alikipata wapi, kiache. Kikigundulika kuwa cha wizi kitachukuliwa, na wewe utakuwa na maelezo ya kutoa kituoni.